Mhadhara Mkuu Juu ya Haki za Tumbo Baada ya Magharibi

Waheshimiwa wenye mikeka, mabibi wenye masinia, vijana mliokaa karibu na mlango ili adhana ikisikika muwe wa kwanza, na nyinyi mnaojiita wataalamu wa lishe mliojipanga nyuma na madaftari yenu: sikilizeni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Elimu ya Futari katika ukanda wote wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, pamoja na visiwa vyake. Cheo hiki hakikutolewa na chuo chochote, maana vyuo vina taratibu ndefu na mitihani mingi, na elimu yenye uzito kama hii haiwezi kusubiri vikao vya seneti. Nimejitunuku mwenyewe, kwa kauli moja, bila kura ya kupinga. Hoja nitakayoithibitisha leo ni moja tu: kwamba kila mfungaji, jua linapozama, huwa anadai chakula alichonyimwa mchana, na kwamba deni hilo sharti lilipwe usiku uleule, lote, pamoja na nyongeza. Kanuni hii naiita Fidia ya Tumbo. Msiichanganye na ile fidia ya kisheria, ambayo mzee au mgonjwa asiyeweza kufunga humlisha masikini kwa kila siku iliyompita. Ile hutoka nje ya nyumba ikamfuata mwenye njaa. Hii yangu hubaki ndani, kwa aliyekwisha kushiba.

Najua yupo atakayeinua mkono mapema aseme kwamba nyongeza juu ya deni ni riba, na riba ni haramu. Ateremshe mkono. Riba ni baina ya mtu na mtu. Baina ya mtu na tumbo lake hakuna kadhi aliyewahi kuandika hati. Tuendelee.

Tuanze na ukubwa wa deni lenyewe, maana mwanazuoni wa kweli haogopi hesabu, hata pale hesabu inapomtishia. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa Ikweta, Mombasa iko nyuzi 4, na Unguja imekaa katikati yao. Sehemu hizi mchana haurefuki wala haufupiki kiasi cha kumliza mtu. Kutoka alfajiri hadi Magharibi ni kati ya saa 13 na 14, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, ikazunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Mwislamu wa Oslo hufunga saa chache zamu ya Desemba inapomfikia, kisha miaka ikipita akajikuta Juni, anakaa karibu saa 20 bila tone la maji. Mwislamu wa Tanga hana habari na misukosuko hiyo. Hapo ndipo anaponyanyuka mpinzani wangu wa kwanza, ambaye kwa kawaida ni mhasibu, akauliza: basi kilichopotea ni nini hasa? Siku ya kawaida mtu hunywa chai asubuhi, akala mchana, akala usiku. Siku ya mfungo hufuturu Magharibi, akala tena baada ya Tarawehe, akaamka kula daku. Milo mitatu ukiitoa katika mitatu inabaki sifuri; au, kwa wakarimu, kinabaki kikombe cha chai ya saa nne na andazi lake.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo maana haina thamani yoyote ya kitaaluma. Deni la tumbo halihesabiwi kwa kilichokosekana mdomoni bali kwa kilichopita kichwani. Ifikapo Adhuhuri mfungaji wa madhehebu yangu huwa keshakula sambusa kadhaa za kufikirika, na Alasiri anashuka sokoni, Darajani au Kongowea au Kariakoo, saa ileile ambayo njaa ndiyo imeshika pochi. Ananunua mkungu mahali palipotosha chana. Ananunua tikiti ambalo halina wa kulibeba. Wauzaji, ambao ni wanafunzi wangu bora ingawa hawajaandikishwa, wanaielewa nadharia hii vizuri, na ndiyo sababu mwezi ukiandama bei ya mihogo, ndizi na nazi nayo huandama. Wataalamu wa lishe hushauri mtu apange mapema atakachopika na anunue asubuhi, kabla tumbo halijaanza kutoa maoni. Ushauri huo ungeua kanuni yangu ndani ya wiki moja, kwa hiyo naukataa.

Mpinzani wa pili huja na koti jeupe. Yeye hasemi habari za milo, anasema habari za ini. Anatueleza kwamba chakula cha daku huendelea kutumika mwilini kwa saa kadhaa. Kikiisha, ini hufungua ghala lake la glaikojeni, lenye gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyekula vizuri, likawa linaitia damu sukari kidogo kidogo. Na ghala likipungua, mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na kati ya daku na futari hauachwi bila huduma hata dakika moja. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anapofika Magharibi amechoka, ana kiu, pengine kichwa kinamgonga kwa kukosa kahawa aliyoizoea, lakini hayumo katika njaa ya kumtoa roho. Kilichompungukia zaidi ni maji, hasa miaka hii ambayo mfungo unaangukia joto la kaskazi. Maelezo hayo yote nayakubali. Ninachokitilia shaka ni utaratibu. Ini limelipa deni bila idhini ya mwenye deni, gizani, bila stakabadhi. Malipo ya namna hiyo hayatambuliki. Ndiyo sababu mafuta ambayo mwili ulianza kuyachoma kwenye saa kumi alasiri hatuna budi kuyarudisha mahali pake kabla ya saa mbili usiku, kwa uaminifu kamili, na kuongeza kidogo juu yake kama shukrani.

Sasa tufunue kawa. Chini ya kawa la futari iliyokamilika kitaaluma kuna mihogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi mbichi zilizoungwa kwa tui zito, kando yake tambi za sukari zenye iliki na zabibu, mkate wa kumimina, chapati, vibibi, sambusa, katlesi, bajia na kachori, kaimati zinazong'aa kwa shira, bakuli la uji wa pilipili manga, na jagi la ukwaju au embe lililokolezwa sukari. Wakosoaji hulitazama sinia hili wakasema kwamba huo si mlo wenye vyakula vingi, ni chakula kimoja kilichobadilisha kanzu mara tisa. Muhogo ni wanga, na protini yake haifiki gramu 2 katika kila gramu 100. Gimbi ni wanga. Kiazi ni wanga, ndizi mbichi ni wanga, tambi ni wanga uliotiwa sukari, chapati ni wanga uliopakwa samli, na kaimati ni wanga uliokaangwa kisha ukaogeshwa sukari. Watoto shuleni hufundishwa makundi ya chakula: nafaka na mizizi, mikunde na nyama, mboga, matunda na mengineyo. Futari yetu imeyapitia makundi hayo yote kwa makini na kulichagua la kwanza. Mimi hapa naona ushupavu wa msimamo. Umoja ni nguvu, na sijui kwa nini methali hiyo itumike kwenye siasa na ikatazwe kwenye sinia.

Kuhusu karai nitasema zaidi, maana ndilo kitovu cha elimu yangu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Mtu wa kawaida akisikia hivyo huona hatari. Bingwa huona ufanisi, kwa sababu deni kubwa linalipika kwa tonge dogo. Kiazi cha kuchemsha kingehitaji muda na utafunaji kufikia kile ambacho kachori hukifikia kwa mara moja. Wapinzani huongeza kwamba mafuta yanayochemshwa tena na tena hubadilika rangi, huwa mazito, hutoa moshi mapema na kujaa mabaki yaliyooza kwa moto ambayo hayana wema kwa moyo wala mishipa. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba katika nyumba nyingi na vibanda vingi mafuta yaliyoanza kazi kumi la kwanza huonekana kazini bado kumi la mwisho, yakiwa meusi na yenye uzoefu. Lakini mnataka yamwagwe? Katika mwezi wa kuhurumiana?

Tukija kwenye sukari, napambana na adui mwenye bendera. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 hubeba gramu 30 na ushei. Maana yake mtu akitaka kuutii mwongozo huo kikamilifu, soda yake ya kufuturia imeshamaliza posho kabla hajagusa uji, hajagusa tambi, hajanyoosha mkono kwenye kaimati. Wengine wametishika kwa hesabu hiyo wakaanza kufuturu kwa maji na madafu. Mimi nimeusoma mwongozo kwa jicho la kisheria, nikaona umesema waziwazi kwamba kiwango hicho ni cha siku. Mfungaji hali mchana. Kiwango cha mchana hakimhusu anayekula usiku, na kiwango cha usiku hakijatolewa. Mpaka kitakapotolewa, pitisheni sahani.

Hapa nafika mahali ambapo hata bingwa hana budi kushusha sauti, kwa kuwa nadharia yangu inakutana na jambo lililoitangulia kwa karne nyingi. Amepokea Anas bin Malik, na wameandika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali. Zikikosekana, kwa tende kavu. Zikikosekana hizo nazo, kwa mafunda machache ya maji. Nilipopima mwenendo huu kwa mizani ya Fidia ya Tumbo, nilifadhaika. Tende kavu ina sukari karibu theluthi mbili ya uzito wake au zaidi, ikaja na nyuzinyuzi na potasiamu; tatu za kawaida hutoa kama kalori 60 na kuifikishia damu kile inachokitafuta bila vurugu. Maji hujibu kiu, ambayo ndiyo shida halisi. Kisha mtu anasimama kuswali Magharibi, na wakati anaswali tumbo na utumbo vinapeleka habari kwenye ubongo kwamba kimeingia kitu, habari ambazo huchukua dakika 20 hivi kueleweka huko juu. Akirudi mkekani, njaa iliyokuwa ikinguruma imekuwa njaa ya kawaida tu, inayoridhika na sahani moja. Kanuni yangu haina adui mkubwa kuliko dakika hizo. Deni lote la kufikirika lililojengwa tangu Adhuhuri huyeyuka kwa tende tatu na rakaa tatu. Ndiyo sababu wafuasi wangu wenye msimamo hulisogeza sinia zima mbele ya sala, wakala kwa kasi ya kuishinda ile habari isifike, na sala ikangojea hadi Isha iwe inapiga hodi. Siwasifu. Naeleza tu kwamba bila mbio hizo nadharia haisimami.

Vilevile kuna ile hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Miqdam bin Ma'dikarib kwamba tumbo likibidi kujazwa, theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Nimeitafuta theluthi ya pumzi kwenye sinia la kwetu, sikuiona. Nadhani nafasi yake ilichukuliwa na katlesi. Na kama hilo halitoshi, anakuja Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din amewasema watu wanaofunga mchana kisha usiku wakafidia walichokikosa, wakaongeza aina za vyakula, hadi ikawa desturi kuweka akiba ya vyakula kwa ajili ya Ramadhani na kula ndani yake vitu ambavyo hawali katika miezi mingine. Hoja yake ni kwamba lengo la mfungo ni kuvunja matamanio, na matamanio yaliyozuiwa mchana kutwa yakafunguliwa usiku mbele ya vyakula vitamu huzidi nguvu badala ya kupungua. Wapinzani wangu huisoma sehemu hiyo kwa furaha. Mimi nimeisoma kwa fahari. Fikirini: zaidi ya miaka 900 iliyopita, mwanazuoni aliyezaliwa Tus na kufundisha Baghdad anashuhudia kwa kalamu yake kwamba Fidia ya Tumbo ilikuwa ikifuatwa na watu wa mjini! Kuna nadharia ngapi za kisasa zenye nasaba ndefu hivyo? Kwamba yeye aliilaani ni suala dogo. Hakuwahi kuonja mkate wa kumimina.

Twende sasa kwenye matokeo, kwa kuwa nimetuhumiwa kwamba nayaficha. Chakula chenye mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni. Aliyejaza sinia saa moja kasorobo huwa bado analibeba saa mbili, na Isha na Tarawehe zinamkuta katika hali ambayo rukuu ni mtihani na sijida ni hatari, maana asidi ya tumbo hufuata njia ya kushuka, na kwenye sijida njia ya kushuka inaelekea kooni. Hiki ndicho kiungulia ambacho wauza dawa hukifahamu vizuri kila Ramadhani. Msikiti unaoswali rakaa 8 hulalamikiwa na watu hawa sawasawa na ule unaoswali 20. Wanaorudi nyumbani moja kwa moja kujilaza chali hawapati nafuu yoyote. Madaktari hutaka saa mbili au tatu zipite kati ya mlo mzito na mto. Ongezeni ukosefu wa mboga na matunda, pamoja na maji machache yaliyonywewa kwa mkupuo mmoja badala ya kugawanywa hadi daku, na mtaelewa kwa nini siku ya nne ya mfungo mazungumzo ya wazee barazani huhamia kwenye choo kigumu. Mimi husema haya ni maumivu ya ukuaji wa nadharia.

Mpinzani mwenye mizani atauliza juu ya uzito. Mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha kwamba katika Ramadhani watu kwa wastani hupungua kidogo, kilo moja hivi, na kwamba kilo hiyo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Nalipenda sana neno wastani. Aliyepungua kilo tatu kwa sababu alifuturu kwa tende, supu ya samaki na mchicha, na aliyeongezeka kilo moja kwa sababu alinifuata mimi, wastani wao ni kupungua kilo moja kila mmoja. Mfuasi wangu anaweza kutembea kifua mbele kwa faida iliyotafutwa na jirani.

Kuhusu wagonjwa, joho nalivua na mzaha nauweka kando, kwa kuwa Fidia ya Tumbo haina ruhusa ya kuvuka kizingiti cha nyumba yenye mtu wa kisukari. Utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanywa 2001 kwa wagonjwa 12,243 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ulikuta kwamba katika Ramadhani matukio ya sukari kushuka vibaya hadi kulazwa yaliongezeka kama mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Na kwa hawa wa pili, sukari kupanda vibaya nako kuliongezeka kama mara tano. Mchana swaumu inawashusha sukari, usiku futari inawapandisha. Miongozo ya madaktari inasema mtu wa kisukari aliyefunga akikuta kipimo chake kimeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au kimepita 300, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika za kuhesabika. Na kujichoma kidole ili kupima damu, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa leo, hakubatilishi swaumu. Anayetumia insulini au vidonge azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dozi na saa zake zipangwe upya. Mwenyezi Mungu amemtoa mgonjwa katika wajibu huu ndani ya sura ileile ya al-Baqara iliyouweka. Anayejifanya mkali kuliko hapo, mimi na vyeo vyangu vyote sina la kumsaidia.

Navaa joho tena. Lipo pingamizi moja ambalo halitoki kwa daktari wala kwa sheikh; linatoka jikoni. Futari ya aina kumi na mbili haijipiki. Kukuna nazi na kukamua tui, kumenya mihogo, kuuwahi unga wa kaimati ili uumuke, kukunja sambusa moja moja, kisha kusimama mbele ya karai katika joto la Machi: kazi hiyo huanza Adhuhuri na kuisha mwadhini akiwa keshakohoa, na anayeifanya, mara nyingi mama, dada au binti wa kazi, naye amefunga zile zile saa kumi na tatu. Wanazuoni wamemruhusu mpishi aonje chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, pakiwa na haja, na hiyo ndiyo posho yake yote ya mchana. Sasa kanuni yangu inasema kila mfungaji anadai. Kwa mantiki hiyo huyu ndiye mdai mkubwa kuliko wote nyumbani, na ndiye huyohuyo anayelipa madeni ya wenzake, kwa jasho, kisha akafuturu wa mwisho, akiwa amekalia kigoda, kwa vilivyobaki. Nimelitafakari pingamizi hili kwa kina, nimelipitia upande huu na upande ule, na jibu langu la kitaaluma ni kwamba muda hautoshi.

Kimbilio la mwisho la wafuasi wangu ni mila. Wanasema: hivi ndivyo walivyofuturu babu zetu, na nyinyi wenye mizani mnataka kutunyang'anya Upwani wetu. Tena wamepata nguvu tangu Desemba 2023, UNESCO ilipoiingiza futari katika orodha ya turathi zisizoshikika, kwa maombi ya Azerbaijan, Iran, Uturuki na Uzbekistan. Sisi wa Pwani hatukuwemo katika maombi hayo, jambo ambalo bila shaka lilitokana na mimi kutoshirikishwa. Lakini lazima niwatahadharishe wafuasi wangu: mila ni shahidi asiyetabirika, anaweza kugeuka akiwa kizimbani. Muhogo wa kuchemsha ni mila. Mbaazi na kunde ni mila, na hizo zina protini na nyuzinyuzi zinazofanya sukari iingie damuni taratibu. Samaki wa kuchoma ni mila, kisamvu ni mila, dafu ni mila, papai na tikiti ni mila, uji mwepesi wa pilipili manga usiojazwa sukari ni mila. Kumbe ndani ya sinia letu wenyewe kimo chama kizima cha upinzani, na kikipewa nusu ya viti tu, karai likabaki la siku mojamoja, hakuna atakayekuwa amevunja ada ya mtu. Kupelekeana sahani na jirani, kufuturisha msafiri na asiye nacho, hayo nayo hayahitaji shira. Mkiruhusu mjadala ufike hapo mmeshindwa. Semeni mila kwa sauti kubwa, kisha mbadilishe mada.

Limebaki daku, na hapa ndipo nadharia yangu inapojitosheleza yenyewe. Hadithi sahihi kwa Bukhari na Muslim inahimiza daku na kusema lina baraka, na wenye koti jeupe, safari hii, wanakubali bila masharti: mtu aamke, ale chakula kinachokaa tumboni, kama maharage, mayai, uji wa ulezi au mkate wa unga usiokobolewa, apunguze chumvi isije ikamtia kiu mchana, anywe maji ya kutosha. Aliyefanya hivyo hufika Magharibi akiwa mtulivu, na mtu mtulivu hana deni la kudai. Tatizo kubwa! Ila kanuni imelitatua bila msaada wangu. Aliyefidia kikamilifu wakati wa futari, akafidia tena kwa biriani baada ya Tarawehe, hulala saa sita usiku akiwa hana nafasi hata ya funda la maji. Wapiga daku wakipita na ngoma zao huwasikia kwa mbali, akavuta shuka. Anaanza mfungo kwa tumbo lililojaa chakula cha jana na mwili usio na maji. Kwenye saa nne asubuhi kiu imeshamkaba, Adhuhuri anahesabu sambusa kichwani, na Alasiri mtamkuta sokoni akibishana bei ya mkungu wa pili, kwa kuwa ule wa jana, asema, haukutosha.